Unavuja mkojo: upige ultrasaundi, ujaze daftari au upimwe presha ya kibofu?

Kipimo ambacho wanawake wengi wanaovuja mkojo huandikiwa kwanza ni ultrasaundi ya tumbo, na mara nyingi ndicho kinachowaambia machache kuliko vyote. Majibu yanarudi: kibofu kawaida, kizazi kawaida, figo kawaida. Mama anaondoka na karatasi mkononi na pedi imelowa vile vile. Karatasi haijasema uongo. Mkojo unaotoka ukikohoa hauwezi kuonekana ukiwa umelala chali, umetulia, tumbo limepakwa jeli, na hakuna aliyekuambia ukohoe.

Kazi yangu mimi ni hiyo hiyo ya ultrasaundi, kwa hiyo siipigi vita. Ila ina mahali pake, na mahali penyewe panategemea unavuja kwa namna gani.

Kuna mkojo unaotoka ukikohoa, ukicheka, ukipiga chafya au ukijitwisha ndoo. Hapo misuli ya nyonga inayoshikilia shingo ya kibofu imelegea, aghalabu baada ya kuzaa. Kuna mkojo wa haraka: haja inakushika ghafla na hufiki chooni, kwa sababu kibofu kinajikaza kabla ya wakati wake. Wengi wana yote mawili kwa pamoja. Kuna kibofu kisichojimaliza, kinajaa hadi kinafurika na kudondosha matone mchana kutwa. Hawa wengi ni watu wazima sana, wenye kisukari cha muda mrefu au walioumia uti wa mgongo. Na kuna mkojo unaotiririka usiku na mchana bila kukoma, ulioanza baada ya uchungu wa siku mbili tatu au baada ya operesheni ya kizazi. Huyu wa mwisho ana njia yake peke yake, nitamfikia.

Vipimo visivyo na mashine

Nianze na daftari, maana ndilo linalodharauliwa. Unaandika kwa siku tatu: saa uliyokojoa, kiasi ulichotoa, ulichokunywa, saa uliyovuja na ulikuwa unafanya nini. Siku hizo zichanganyike, za kazi na za mapumziko. Kwa kupimia inatosha chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa juu na kuchorwa alama kwa kalamu ya wino. Hakuna mashine yoyote itakayokueleza kwamba unavuja kila siku saa nne asubuhi baada ya vikombe vitatu vya chai. Daftari pia linamfichua mtu anayetoa lita tatu kwa siku: huyo tatizo lake pengine liko kwenye sukari ya damu au kwenye kiasi anachokunywa, wala si kwenye misuli. Na yule anayekojoa mara kumi na tano, mililita 80 kila mara, anaonekana waziwazi kwamba kibofu chake kina haraka.

Pamoja na daftari kuna kipimo cha mkojo maabara, kile cha kuchovya kijiti, kinachoangalia maambukizi, damu na sukari. UTI peke yake inaweza kumfanya mwanamke avuje wiki nzima kisha aache baada ya dawa, na ni aibu kumpeleka mtu kwenye vipimo vya gharama kabla hajachovewa kijiti.

Halafu kuna kikohozi. Daktari au nesi anakuomba usimame kibofu kikiwa kimejaa, uweke karatasi ya chooni hapo chini, ukohoe kwa nguvu. Mkojo ukitoka papo hapo kisha ukakatika, ni wa misuli. Ukisubiri sekunde kadhaa halafu ukatoka mwingi na kuendelea, kikohozi kimekiamsha kibofu kikajikaza chenyewe, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Hakuna malipo makubwa hapo, na jibu lake ni la maana kuliko picha nyingi ninazopiga.

Kupima uzito wa pedi nako kupo: unakunywa mililita 500 za maji, unatembea na kufanya shughuli kwa saa moja, kisha pedi inapimwa, na ikizidi gramu moja unahesabika umevuja. Kunafaa zaidi kwa utafiti. Nyumbani wewe unajua tayari kama imelowa.

Ultrasaundi ya tumbo: ina kazi moja kubwa

Mwongozo wa 2019 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, umekata maneno: kwa mwanamke anayevuja mkojo, ultrasaundi isitumike isipokuwa kupima mkojo uliobaki baada ya kukojoa. MRI, CT na eksirei nazo haziruhusiwi kama vipimo vya kawaida. Mtu wa fani yangu angeweza kununa akisoma hivyo. Mimi naona wamesema kweli kwa mgonjwa wa siku ya kwanza.

Kupima mkojo uliobaki ni hivi. Unakwenda chooni, unakojoa bila kujikamua, unarudi kitandani hapo hapo. Mpimaji anachukua urefu, upana na kina cha kibofu kwa sentimita, anazizidisha, kisha anazidisha tena kwa 0.52. Kibofu cha 6 kwa 5 kwa 4 kimebakiza mililita 62 hivi. Chini ya 50 hakuna wasiwasi. Ikivuka 150 au 200, na ikajirudia siku nyingine, kibofu hakijimalizi, na mtu huyo asipewe kiholela dawa za kutuliza kibofu cha haraka, maana zinaweza kumfanya ashindwe kukojoa kabisa.

Mbadala wa kipimo hiki ni mpira wa mkojo. Mpira unatoa hesabu isiyo na ubishi, kwa kuwa unaumwaga mkojo wenyewe kwenye chombo, lakini unauma na unaweza kuingiza vijidudu. Ultrasaundi inakosea kidogo na haikuingilii mwilini. Kama zote mbili zipo, chagua ultrasaundi. Zipo pia mashine ndogo zinazotoa namba bila picha yenyewe. Hizo ni nzuri wodini, ila zinaweza kuhesabu uvimbe wa maji wa ovari kama mkojo. Ukiambiwa umebakiza mililita 400 wakati hata hujisikii kujaa, omba mpimaji aangalie kwa picha.

Kinachoharibu kipimo hiki kuliko mashine mbovu ni foleni. Mama amekunywa lita ya maji kama alivyoelekezwa, ametoka chooni, anakuta mgonjwa wa dharura ameingizwa mbele yake, anakaa benchi nusu saa. Figo za mtu aliyekunywa hivyo zinaweza kuongeza mililita kumi kila dakika. Akiingia, picha inaonyesha kibofu kilichobakiza mililita 300, na karatasi inaandikwa hivyo. Kama imekupata, rudi chooni kwanza, kisha ndiyo upande kitandani, hata kama mpimaji anakuangalia vibaya.

Ultrasaundi ya tumbo pia huona mambo ambayo hayakuulizwa, hasa uvimbe wa fibroidi, ambao wanawake wetu wanao kwa wingi. Uvimbe mkubwa unaokandamiza kibofu unaweza kuleta haja za mara kwa mara. Lakini fibroidi ya sentimita mbili iliyo ukuta wa nyuma wa kizazi haikufanyi uvuje ukicheka. Ukiona mtu anaanza kuzungumzia kuondoa kizazi ili mkojo ukauke, kwa ushahidi wa uvimbe wa namna hiyo, nenda kwa daktari bingwa mwingine kabla hujasaini.

Ya ndani ya uke, na ndoto ya unene wa ukuta

Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba kibofu chenye haraka kinajenga ukuta mnene, kama msuli unaofanyishwa mazoezi, na kwamba ukipima unene kwa ultrasaundi ya ndani ya uke utakitambua bila kumtia mtu mirija ya kupima presha ya kibofu. Wazo zuri. Waingereza wakalijaribu kwa wanawake 687 katika hospitali 22, na ripoti iliyotoka 2016 ilionyesha kwamba unene huo hauwatenganishi wenye kibofu cha haraka na wasio nacho. Ultrasaundi hii inabaki bora kwa kuangalia kizazi na ovari. Kwa kuchunguza mkojo wa haraka, pesa yako ibaki mfukoni.

Ya msamba: mashine ile ile, mkono tofauti

Hii ndiyo inayonipendeza mimi, na ndiyo ambayo mara nyingi haimo kwenye orodha ya bei. Haihitaji mashine mpya. Probu ni ile iliyopinda ya kupimia ujauzito, inavalishwa glovu, inapakwa jeli na kuegeshwa juu ya midomo ya uke kwa nje, haiingizwi. Umelala chali, magoti umeyakunja. Kwenye skrini vinajipanga mfupa wa kinena, mrija wa mkojo, kibofu, uke na njia ya haja kubwa, vyote kwa pamoja. Kisha unaambiwa ukohoe, usukume kama unayejifungua, halafu ubane kama unayezuia haja.

Unaposukuma, unaiona shingo ya kibofu ikizunguka na kuteremka kuupita mfupa wa kinena. Mpimaji anapima kushuka huko kwa milimita. Kushuka kwa 25 au 30 ni kwingi. Hata hivyo hakuna namba moja ya kukata shauri, kwa sababu wapo wanaoshuka sana na hawavuji tone, na wapo wanaovuja na shingo imetulia. Sehemu ya juu ya mrija inaweza pia kufunguka kama faneli. Mbinu hii imeenezwa sana na Hans Peter Dietz wa Sydney, na mwaka 2019 AIUM, chama cha ultrasaundi cha Marekani, na IUGA, chama cha kimataifa cha madaktari wa mkojo na uzazi wa wanawake, vilitoa mwongozo wa namna ya kuifanya. Haipingani na NICE: mmoja unaeleza jinsi ya kupima, mwingine unasema si kila mtu apimwe.

Nani sasa apimwe? Wa kwanza ni mwenye kizazi au kibofu kinachoning'inia nje pamoja na kuvuja, kwa kuwa picha inaonyesha ni kiungo gani hasa kinachoshuka, na kwa mashine ya pande tatu unaweza kuona kama msuli wa nyonga ulichanika kutoka kwenye mfupa wakati wa kuzaa. Wa pili ni aliyewahi kuwekewa utepe wa plastiki chini ya mrija wa mkojo ili asivuje. Wanawake wetu walioko Ulaya na Marekani wengine wanao. Uingereza yenyewe ilisimamisha operesheni hizo Julai 2018 kwa sababu ya malalamiko ya madhara. Utepe huo kwenye ultrasaundi unang'aa kama uzi mweupe, na mpimaji anaona uko wapi, umebana au umejikunja. Kwenye MRI, pamoja na bei yake yote, hauonekani vizuri. Hapa mashine ndogo inaipiga kubwa.

Wa tatu ni anayefanya mazoezi ya Kegel, yaani ya kubana misuli ya nyonga, miezi na miezi bila nafuu. Utafiti mdogo wa Marekani wa 1991 uliona kwamba, baada ya maelekezo mafupi ya mdomo tu, robo ya wanawake walibana kwa namna inayoweza kuongeza uvujaji: walikuwa wanasukuma chini badala ya kuvuta juu. Kwenye skrini kosa hilo linaonekana mara moja, na mama mwenyewe akigeuziwa skrini analiona. "Kumbe hivi!" ndilo neno linalotoka. Lakini tusiuze miujiza. Uingereza walifuatilia wanawake 600 waliofundishwa mazoezi, nusu wakiwa na kifaa cha umeme cha kuwaonyesha misuli yao inavyobana, na matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha tofauti baada ya miaka miwili. Kifaa hicho si ultrasaundi, ila ujumbe ni wa karibu: kinachoponya ni mazoezi yenye usimamizi, angalau miezi mitatu, mibano minane mara tatu kwa siku. Kuonyeshwa mara moja kwamba unabana sawa kunatosha. Asiye na skrini, mkunga au mtaalamu wa fiziotherapia mwenye kidole kilichovaa glovu anaweza kukuambia jambo lile lile.

Suala la stara lisipuuzwe. Una haki ya kuomba mpimaji wa kike, kuomba shuka, na kuomba nesi abaki chumbani. Una haki pia ya kukataa.

Presha ya kibofu

Kipimo cha yurodainamiki ndicho kinachoheshimiwa kuliko vyote na kinachoogopwa kuliko vyote. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye kibofu, mwingine kwenye uke au njia ya haja kubwa, kibofu kinajazwa maji polepole huku presha ikichorwa, unakohoa, unaeleza lini umehisi haja. Ndicho pekee kinachoonyesha kibofu kikijikaza bila ruhusa yako. Ultrasaundi haiwezi hilo: inaona umbo na mwendo, haioni presha.

Je, kila mtu anakihitaji? Hapana. Wamarekani waliwagawa wanawake 630 wenye mkojo wa kikohozi tu waliokuwa wanaelekea kwenye operesheni: nusu wakapimwa presha kwanza, nusu wakakaguliwa kawaida kliniki. Matokeo ya 2012: mwaka mmoja baadaye waliofanikiwa walikuwa asilimia 77 pande zote mbili. Kwa hiyo anayevuja akikohoa tu, kikohozi chake kimeonekana na kibofu kinajimaliza, hakosi kitu akikiruka. Kinachomfaa ni yule mwenye mchanganyiko usioeleweka, aliyekwisha kufanyiwa operesheni ikashindwa, au asiyemaliza mkojo bila sababu inayojulikana. Kwa wakazi wa mikoani hii ni safari ya hospitali kubwa, na usiifunge kabla ya kukamilisha daftari na miezi mitatu ya mazoezi.

Damu kwenye mkojo

Damu inabadilisha mpangilio wote. Pwani, Unguja, Pemba na maeneo mengine yenye maji ya konokono, kichocho cha mkojo kinaweza kuleta haja za mara kwa mara, maumivu na damu, na mgonjwa akahesabiwa ana UTI isiyopona. Hapa ultrasaundi ya tumbo ni rafiki wa kweli: kibofu kikiwa kimejaa unaona ukuta ulionenepa, vinundu, na figo zilizojaa maji. Mayai yenyewe yanatafutwa kwa hadubini, dawa ni prazikwanteli. Mama mtu mzima mwenye damu na hana maambukizi apelekwe kwenye kamera ya kibofu bila kungoja, hata picha ikiwa safi, kwa sababu saratani ndogo huipita ultrasaundi. Nyayo za miguu kufa ganzi, au ganzi sehemu za siri iliyoanza ghafla pamoja na kuvuja, ni safari ya hospitali leo leo.

Mkojo usiokoma

Mwenye mkojo unaotiririka mfululizo baada ya uchungu pingamizi asianze na ultrasaundi. Fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo ukeni, mara nyingi haionekani kwenye picha ya tumbo. Kinachoonekana ni kibofu kitupu muda wote, na mpimaji asiyeuliza maswali anaandika tu "mgonjwa hakubana mkojo". Kipimo chake ni cha rangi, nacho ni rahisi. Vipande vitatu vya pamba vinapangwa ukeni, kibofu kinajazwa kwa mpira maji yenye rangi ya bluu, unatembea kidogo, kisha pamba zinatolewa. Ya ndani ikitoka na bluu, kibofu kina tundu. Ya nje peke yake ikiwa na bluu, mkojo umepita kwenye njia yake ya kawaida. Pamba ya ndani ikilowa mkojo usio na rangi, huenda mrija unaoshuka kutoka kwenye figo ndio uliokatwa, jambo linaloweza kutokea kwenye upasuaji wa uzazi au wa kuondoa kizazi. Hapo ndipo ultrasaundi inaitwa, ya figo, kuangalia kama upande mmoja umejaa maji.

Matibabu yapo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inafanya operesheni za fistula bila malipo, na tangu 2009 ilianza kutuma nauli kwa njia ya simu ili mama asikwame kijijini. Bugando Mwanza, Gynocare Eldoret na Panzi mjini Bukavu ni wazoefu wa kazi hii.

Kama unaandikiwa kipimo kesho

Anayevuja kwa kikohozi pekee: kijiti, daftari, kikohozi, mazoezi. Ultrasaundi ni ya mkojo uliobaki tu, na kama unakojoa vizuri na unahisi umemaliza, hata hiyo inaweza kungoja. Mwenye haraka: vile vile, pamoja na sukari, na kukizoesha kibofu kusubiri kwa wiki sita kabla ya kufikiria mirija. Mwenye matone ya kutwa, mwenye kisukari, au anayekojoa kwa kujikamua: ultrasaundi ya mkojo uliobaki ndiyo iwe ya kwanza, siku hiyo hiyo.

Mwombe daktari aandike swali kwenye fomu, isiwe jina la kiungo tu. "Mkojo uliobaki baada ya kukojoa?" au "Utepe uko wapi?" humpa mpimaji kitu cha kujibu; "ultrasaundi ya nyonga" humpa ruhusa ya kupiga picha na kuandika kawaida. Fika kibofu kikiwa kimejaa kwa kiasi unachokivumilia, usijitese kwa lita mbili. Na kabla hujaanza kunywa maji, uliza choo kiko umbali gani na chumba cha kupimia.